Lebo ikishatoka Tabora

Asali ina usumbufu mmoja kwa mtu wa tovuti: haiozi. Chupa iliyojazwa Sikonge msimu wa juzi inaweza kuwa bado ipo kabatini kwa mtu Sinza, imeliwa nusu, imeanza kuganda chini, na lebo yake iko vilevile, msimbo wa QR pembeni, chini ya picha ya mzinga. Siku mgeni akiishika na kuskani kwa udadisi tu, simu yake itakwenda kubisha kwenye anwani ileile iliyochapishwa siku ile. Haina habari kwamba huku Tabora majina ya mafaili yamebadilishwa, folda zimehamishwa, na kijana aliyetengeneza tovuti ameshahamia Mwanza.

Nafanya kazi za tovuti hapa mjini, chumba kimoja Isevya, kwa wateja wa kila aina: nyumba za wageni, shule, wauza vipuri, na kikundi kimoja cha wafugaji nyuki ambacho ndicho kilichonifanya niandike haya. Mwenyekiti wao alinipigia asubuhi. Baada ya mwangaluka na kuulizana habari za nyumbani, akaingia kwenye jambo lake.

"Mwanangu, wale wa dukani Dar wanasema lebo yetu imekufa. Mteja akipiga picha ile alama, simu inamwambia hakuna kitu. Sasa wananiuliza kama hii asali ni yetu kweli."

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma, na alikuwa na haki ya kuumia. Asali ya Tabora ina jina, na kitu chenye jina hakikosi wa kukighushi. Watu huchanganya na maji ya sukari, wakabandika jina la mkoa wetu juu yake, wakauza. Msimbo ule uliwekwa makusudi ili mnunuzi aone cheti cha maabara mwenyewe: kiasi cha maji, ambacho kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka kisizidi asilimia 20, na ile kemikali iitwayo HMF inayopanda asali ikichemshwa au ikikaa sana kwenye joto, ambayo kwa asali ya nchi za joto kama yetu ukomo wake ni miligramu 80 kwa kilo. Mtu akiskani akakuta ukurasa mweupe ulioandikwa 404, hafikirii habari za folda. Anafikiri ametapeliwa.

Nilipoingia kwenye seva nikaona kilichotokea. Fundi aliyetangulia alikuwa amefanya usafi, na usafi wenyewe ulihitajika. Cheti kilikuwa kinaitwa "Doc1 (2) mwisho KABISA.pdf", kimewekwa kwenye folda ya "files" pamoja na picha za harusi ya mtu fulani. Yeye akakipa jina zuri, cheti-cha-maabara.pdf, akakiweka kwenye folda ya nyaraka, akarekebisha menyu. Ukiingia kwa mlango wa mbele kila kitu kilifunguka. Ukija kwa anwani ya zamani, hakuna aliyebaki kukuambia watu wamehamia wapi.

Kinachokosekana hapo ni kidogo mno. Kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa kwenye simu, kinapoomba faili, seva hutanguliza namba kabla ya kitu chenyewe. 200 maana yake chukua hiki hapa. 404 maana yake sikioni. 301 maana yake kimehama moja kwa moja, na papo hapo seva inataja anwani mpya. Kivinjari kinaifuata chenyewe bila kumuuliza mtu. Anayeskani haoni chochote zaidi ya cheti kufunguka. Jibu lenyewe halina uzito, ni mistari michache ya maandishi, hata mwenye bando la kuungaunga haumii. Kwenye seva inayoendeshwa na programu ya Apache, ambayo ndiyo utakayoikuta kwa wengi wanaopangisha nafasi za bei nafuu, unaandika mstari mmoja ndani ya faili la .htaccess, ambamo hukaa maagizo ya seva:

Redirect 301 "/files/Doc1 (2) mwisho KABISA.pdf" /nyaraka/cheti-cha-maabara.pdf

Zile alama za kufungua na kufunga zipo kwa sababu jina lina nafasi katikati. Ndani ya msimbo wa QR nafasi hiyo imeandikwa %20, lakini Apache huifasiri kwanza ndipo ilinganishe, kwa hiyo hapa unaiacha nafasi kama ilivyo. Herufi kubwa nazo zina kesi yake. Kompyuta ya Windows haitofautishi Asali.PDF na asali.pdf; seva nyingi ni Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti. Mtu anatengeneza tovuti nyumbani, anajaribu kila kiungo, kila kimoja kinafunguka, anapandisha kwenye seva, nusu ya viungo inakufa, naye anabaki kulaumu mtandao wa simu. Tangu zamani najiwekea sharti: jina la faili ni herufi ndogo, kistari badala ya nafasi, basi.

Nilikuwa karibu kuuhifadhi mstari ule nijiendee zangu. Kilichonizuia ni tarehe. Nilifungua cheti kipya nikaona ni cha msimu huu, wakati chupa zinazolalamikiwa Dar ni za msimu uliopita.

Hapo ndipo kazi hii inapoacha kuwa ya mistari. Ningeielekeza anwani ya zamani kwenye faili jipya, kila kitu kingefunguka vizuri, mwenyekiti angeshukuru, na chupa ya mwaka jana ingekuwa inaonyesha vipimo vya asali ambayo haimo ndani yake. Hakuna ambaye angekusudia kudanganya, lakini lebo ingedanganya. Afadhali 404, maana 404 angalau inakiri kwamba haina jibu.

Kumbe fundi yule alikuwa amefanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja, nasi tukayaona kuwa moja. Alibadilisha jina, na alibadilisha kilichomo. La jina linatibika kwa mstari mmoja. La kilichomo halitibiki kwa kuelekeza, kwa sababu cheti cha zamani hakikuwepo tena mahali popote kwenye seva. Kilifunikwa na kipya. Tulikipata kwenye simu ya katibu, ndani ya WhatsApp, alikotumiwa na maabara. Mzee wa watu hafuti kitu. Vijana humcheka simu yake ikijaa, ila siku ile tulinyamaza wote.

Basi suluhisho likawa hivi. Kila msimu una cheti chake chenye jina la mwaka na msimu, na likishawekwa haliguswi, halibadilishwi, halifutwi. Kisha kuna ukurasa mmoja mdogo wa vyeti, vyote vimepangwa kuanzia kipya, na juu yake sentensi moja: angalia tarehe ya kufungasha kwenye kifuniko cha chupa yako. Anwani iliyomo ndani ya msimbo wa lebo sasa inaelekea kwenye ukurasa huo, kwa 301. Mnunuzi anapata hatua moja ya kubofya ambayo hakuwa nayo mwanzo. Mwenyekiti alinung'unika kidogo kuhusu hiyo hatua, nami nikamwambia, "Mama, lebo ni moja kwa misimu yote, na alama ileile iko kwenye chupa zote. Simu haiwezi kujua ameshika ya lini." Akaguna, akakubali, kisha akauliza kama lebo zijazo zinaweza kuwa na alama tofauti kila msimu. Zinaweza. Hilo wazo ni lake.

Bei ni hadithi nyingine kabisa, na ndiyo maana siwaamini wanaotoa kanuni moja kwa mafaili yote. Wenye maduka Nzega, Igunga na Dar wana viungo vya bei walivyotumiwa kwenye WhatsApp miaka tofauti: bei-2022.pdf, bei-2023.pdf, na kimoja kinaitwa bei-mpya.pdf ambacho ni kikuukuu kuliko vyote. Hakuna hata mmoja anayefungua bei ya mwaka 2022 kwa kuitamani ya mwaka 2022. Anataka ya leo. Huyo unampeleka kwenye ya leo bila kusita.

Ungedhani basi njia rahisi ni kuwa na faili moja tu, bei.pdf, unalibadilisha kila mwaka bila kugusa jina. Nami nililipenda wazo hilo mpaka nikaona linavyofanya kazi kwenye simu za watu. Kivinjari huhifadhi nakala ya faili ili kisilipakue tena, na wakati mwingine kampuni inayohifadhi tovuti nayo inaweka nakala yake katikati. Mtu anafungua bei.pdf leo, anaona bei ya jana, anatuma oda kwa bei ya jana, na ugomvi unaanza. Kwa hiyo kila orodha ya bei ina jina lake lenye mwaka, na kuna anwani moja fupi, /bei, isiyo na faili lolote. Kazi yake ni kuelekeza kwenye orodha inayotumika sasa. Hiyo /bei inatumia 302, yaani kwa muda. Mwaka ukigeuka nabadilisha mstari mmoja. Zile anwani za zamani zote zinakwenda /bei, na hizo ndizo za 301.

Tofauti ya hizo namba mbili si ya kitaalamu tu. Ukisema 301, kivinjari kina ruhusa ya kukumbuka jibu na kutokuuliza tena. Ukiikosea, ukaisahihisha kwenye seva baada ya dakika kumi, simu ya aliyepita ndani ya zile dakika kumi inaweza kuendelea kwenda kulikokosewa kwa muda mrefu, na huna namna ya kumfikia. Ndiyo sababu kila mstari mpya ninauandika kwanza kwa 302, najaribu kwa simu mbili tatu za majirani, nikiridhika nageuza kuwa 301.

Kuna jaribu ambalo nimeliona kwa mafundi wengi, wa hapa na wa Dar: kuchukua kila anwani isiyojulikana na kuitupa kwenye ukurasa wa mwanzo. Kosa la 404 linatoweka, ripoti inapendeza. Lakini mtu aliyeskani chupa akitafuta cheti anajikuta anatazama picha kubwa ya nyuki na maneno ya kukaribishwa, na hajui kama amefika au amepotea. Google wenyewe hawadanganyiki. Wanaweza kuhesabu uelekezaji wa namna hiyo kuwa ni 404 tu iliyovaa nguo nyingine. Ukurasa wa 404 uandikwe vizuri, kwa Kiswahili, uwe na kiungo cha vyeti, cha bei na namba ya simu ya kikundi, nao utafaa kuliko hiyo hila.

Palikuwa na ukurasa mmoja ulionisumbua kuliko ulivyostahili. Uliitwa vikundi-urambo.html, ukiorodhesha vikundi vya wafugaji na namna ya kuvipata. Ndani yake walikuwemo watu wa Kaliua, kwa sababu aliyeuandika alikuwa bado na Urambo ile kubwa kichwani, ya kabla Kaliua haijamegwa kuwa wilaya mwaka 2012. Sasa kila wilaya ina ukurasa wake. Ule wa zamani uende wapi? Jibu la 301 linataja anwani moja tu. Huwezi kumwambia mtu nenda huku na huku. Ukimpeleka Urambo, anayetafuta jirani yake wa Kaliua atasoma orodha, asimwone, aondoke akijua hayumo. Nikauacha ukurasa wa zamani ubaki hai, mfupi, wenye viungo viwili na mstari mmoja wa maelezo. Si kila kilichohama kinahitaji kuelekezwa.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Usielekeze folda ndani ya yenyewe: ukiandika Redirect 301 /nyaraka /nyaraka/mpya, Apache inalinganisha mwanzo wa anwani, kwa hiyo /nyaraka/mpya nayo inaanza na /nyaraka, inasukumwa tena, na tena, mpaka kivinjari kinachoka, Chrome huvumilia hatua 20 kisha hukata tamaa. Usiunge mnyororo pia, cha mwaka juzi kikielekea cha mwaka jana na cha mwaka jana kikielekea cha sasa. Mashine ya Google hufuata hadi hatua 10, ila mtu aliye Kitunda kwenye mtandao wa kusuasua huihisi kila hatua. Kila anwani ya zamani ielekee moja kwa moja mwisho wa safari. Na ikiwa kilichohama ni mahali fomu inapopokelewa, kama ile ya oda ambayo duka moja limeiunganisha na mfumo wake, tumia 308, ndugu ya 301 isiyogeuza ombi, iliyoingia kwenye viwango mwaka 2015. Ukitumia 301, vivinjari huweza kugeuza ombi kuwa la kusoma tu, oda ikafika bila yaliyojazwa ndani.

Nirudi kwenye msimbo wa QR, maana hapo pana mtego ambao kikundi kiliponea chupuchupu. Zipo huduma za bure mtandaoni zinazokutengenezea msimbo unaoweza kubadilishwa baadaye. Zinapendeza. Ila ukichunguza, msimbo hauna anwani yako. Una anwani yao, nao ndio wanaoelekeza kwako. Siku wakitaka malipo, au wakifunga ofisi, lebo zote zilizoko sokoni zinakufa kwa pamoja na wewe huna seva ya kuingia kurekebisha. Mwalimu mstaafu aliye mhazini wa kikundi alikuwa ameshaletewa lebo za majaribio za namna hiyo. Kazi hiyo hiyo unaweza kuifanya mwenyewe bila kumlipa mtu: msimbo uwe na anwani fupi ya tovuti yako, mfano /q/nusu-lita, na mstari kwenye .htaccess useme /q/nusu-lita inaelekea wapi leo. Lebo haibadiliki kamwe. Mstari unabadilika ukitaka.

Namna ya kujua anwani zipi zimevunjika ni kusoma kumbukumbu za seva, yale mafaili marefu ambayo hakuna anayeyafungua. Chuja zile zenye 404 tu. Sehemu kubwa utakayokuta ni takataka, mashine za ulimwengu zikitafuta wp-login.php, mlango wa kuingilia tovuti zilizojengwa kwa programu ya WordPress, kwenye tovuti ambayo haijawahi kuwa na WordPress. Hizo ziache na 404 yake. Kati ya takataka hizo ndimo walimo watu. Nilimkuta anayeomba kipeperushi cha mafunzo ya mizinga ya kisasa ambacho mwenyekiti alidhani kimesahaulika. Ombi lilikuwa linakuja tena na tena kutoka kwenye ukurasa wa chuo kimoja uliokiunganisha. Tukakitafuta, tukakirudisha mahali pake pa zamani, kwa jina lake lilelile baya. Halikuwa na sababu ya kubadilishwa.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Tim Berners-Lee, aliyeubuni mtandao huu wa kurasa, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani hazibadiliki zenyewe, watu ndio wanaozibadilisha, na sababu wanazozitoa nyingi hazina uzito. Mwaka 2024 taasisi ya Pew Research Center ya Marekani ilitoa uchunguzi wake: katika kurasa zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 hazikufunguka tena miaka 10 baadaye. Kurasa za wenye ofisi kubwa na wataalamu wa kulipwa zimo humo humo.

Mistari hii ikae muda gani? Google wanashauri angalau mwaka mmoja, nao wanafikiria mashine yao ya kutafutia. Kwangu kipimo ni chupa. Zipo lebo ambazo hazijatumika bado stoo pale Ipuli, na mwenyekiti hatazitupa ili kunifurahisha, kwa hiyo mstari wa "Doc1 (2) mwisho KABISA" utabaki humo. Faili la .htaccess lenye mistari mia haliichoshi seva.

Kilichobaki kinahitaji pesa. Kikundi kinataka kujisajili upya kama ushirika kwa jina jingine, na jina jingine maana yake kikoa kipya, yaani jina la anwani ya tovuti, kile cha mwisho wa .tz. Kuelekeza kikoa kizima ni rahisi kuliko hayo yote niliyoeleza, mradi kila njia ya ndani ihamie kwenye njia yake ya upande wa pili. Sharti lake ni kwamba kikoa cha zamani kiendelee kulipiwa kila mwaka, la sivyo anaweza kukichukua mtu mwingine, na chupa za watu zikaanza kufungua biashara ya huyo mwingine. Mwalimu mhazini hakupendezwa.

"Yaani tulipie pango la nyumba tuliyokwisha kuhama?"

"Ndiyo, Mwalimu. Barua bado zinakwenda kule."

Aliuliza ni kiasi gani, nikamwambia ni pungufu ya bei ya ndoo ndogo ya asali kwa mwaka. Akataka iandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba vikoa viwili vitalipiwa siku moja, kutoka fungu la lebo, siyo fungu la tovuti, kwa sababu fungu la tovuti kila mwaka ndilo la kwanza kukatwa. Katibu akaandika, akapiga picha muhtasari, akaihifadhi kwenye simu yake.